TAHADHARI: Kazi ya "msaidizi wa jiolojia wa msimu" msituni Chunya ni utapeli, tumelizwa watu kumi na mmoja

Wakuu, habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikiona aibu kulisema. Nimesoma Chuo cha Madini Dodoma, nimepiga fildi misimu miwili, na bado nimeingizwa mjini kama mtu aliyeshuka kwenye basi leo asubuhi. Ningenyamaza moja kwa moja, ila tangazo limerudi na watu wanaendelea kutumiana.

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi: wanatafutwa wasaidizi wa jiolojia wa msimu, miezi minne, kuchukua sampuli za udongo na mchanga wa vijito ndani ya msitu wa hifadhi wilayani Chunya. Cheti au diploma ya jiolojia, uwezo wa kutumia GPS, uzoefu wa kulala kambini. Malipo shilingi 95,000 kwa siku, chakula juu yao.

Hiyo 95,000 ilipaswa kunishtua. Msimu uliopita nililipwa 25,000 kwa siku na nikajiona nimeula. Lakini mtu ukikaa nyumbani miezi saba huku mama anakuuliza kila jioni "vipi kule ulikoomba?", hesabu za namna hiyo huzipigi. Na mengine yote yalikuwa mahali pake. Msimu ni huu kweli: kuanzia Juni mpaka Oktoba ndipo miombo ya kule inapitika, vijito vimekauka, unachota mchanga kwenye mkondo bila kulowa. Mvua zikianza Novemba hata hardtop inakaa kwenye tope. Na Chunya kwenyewe, nani asiyejua? Lupa, eneo la dhahabu la huko Chunya, watu wanachimba tangu miaka ya 1920. Kampuni kwenda kutafuta dhahabu kwenye msitu wa kule ni habari ya kawaida kabisa.

Nilituma vyeti, namba ya NIDA na picha ya pasipoti. Baada ya siku mbili nikapigiwa simu ya usaili. Hapa ndipo nataka msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokamatwa.

Yule jamaa anajua kazi. Sauti ya mtu mzima, Kiswahili kilichotulia, haharakishi. Aliniuliza straiki na dipu, yaani mwelekeo na mwinamo wa tabaka la mwamba, napimaje kama dira imechezewa na mwamba wenye chuma. Akaniuliza: "Ukikuta mshipa wa kwatzi (lile jiwe jeupe gumu), sampuli unachukua wapi?" Nikamjibu nachukua kwenye mshipa, kisha nachukua mwamba wa pembeni peke yake kwenye mfuko mwingine. Akasema, "Safi. Maana Lupa dhahabu haikai kwenye kwatzi tu, inakaa na kwenye mwamba uliosagika pembeni." Ndugu zangu, hayo ni maneno ya mtu aliyewahi kushika nyundo. Nilikata simu nikijua kazi nimeipata. Wazo la tapeli halikunipitia hata kidogo, kwa sababu kichwani mwangu tapeli ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Sikuwahi kufikiria tapeli wa jiolojia.

Ikaja barua ya PDF. Nembo ya kampuni, nembo inayofanana na ya serikali, muhuri, namba ya leseni ya utafutaji, na koordineti za kambi: 512000 mashariki, 9060000 kaskazini, UTM zoni 37. (UTM ni mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwenye zoni, na namba zilezile zinajirudia kila zoni.) Nikaziweka kwenye simu. Zikaangukia Kilwa, bara kidogo kutoka Somanga. Nikacheka peke yangu. Chunya iko zoni 36, na namba zilezile ukiziweka zoni 36 zinakupeleka upande wa Makongolosi, pale pale walipopataja. Nikasema huyu kakosea zoni, kosa ambalo hata mimi nimewahi kulifanya na nikatembea nusu siku bure. Badala ya kunishtua, lile kosa likanituliza. Nikaona ni ubinadamu.

Kisha hela. Shilingi 45,000 za bima na vipimo vya afya, 60,000 za "kibali cha mtumishi kuingia msitu wa hifadhi", na 80,000 za buti, koti la kuakisi mwanga na kofia ngumu. Zote zinarudishwa na mshahara wa kwanza. Nikamwambia buti na koti ninavyo. Akajibu, "Basi wewe ni mzoefu, hiyo 80 achana nayo." Akanisamehe 80,000! Nikatuma 105,000 siku hiyohiyo kwa moyo mweupe, kwenye namba ya simu yenye jina la mtu, tukaambiwa huyo ndiye mhasibu.

Kundi la WhatsApp walilotuingiza lilikuwa na watu arobaini na kitu. Sasa hivi naamini nusu yao ni yeye mwenyewe na wenzake, maana kila mtu akiuliza swali, kuna "mwenzetu" anajibu haraka kwamba yeye keshalipa na keshapata risiti.

Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Nane Nane, Mbeya. Wanaoijua Mbeya ya mwezi wa saba wanajua baridi yake. Tulikutana kumi na mmoja, tukatambuana kwa mabegi. Kulikuwa na dada mmoja kutoka Tabora, nyundo yake ya jiolojia ameiviringisha kwenye kanga ya mama yake, na mama huyo ndiye aliyekopa kwenye kikoba ili binti alipie. Kijana mwingine alikuwa amevaa buti mpya, kile kikaratasi cha bei bado kinaning'inia kisiginoni. Alizinunua mwenyewe juu ya ile 80,000, akiogopa za kampuni zisimtoshe.

Saa tatu simu ikaja: gari limepata pancha Kawetere, kunyweni chai. Tukanywa. Saa tano simu nyingine: gari linavutwa, kila mmoja achangie 10,000, zitarudishwa tukifika kambini. Kuna mtu alituma. Simcheki, maana nami nilishika simu nikawa nahesabu salio. Saa saba mmoja wetu akasema, "Mbona mimi nimetolewa kwenye kundi?" Mwingine akaangalia, "Hata mimi." Tukasimama pale kila mtu na simu yake mkononi, tunatolewa mmoja mmoja.

Watatu tuliamua kwenda Chunya hivyohivyo, labda kwa hasira tu. Tukafika ofisi ya misitu. Mhifadhi tuliyemkuta aliisoma barua yetu mpaka mwisho, akaiweka mezani, akauliza swali moja: "Kijiji gani?"

Hatukuwa na jibu. Barua ilikuwa na leseni, koordineti, muhuri, ila kijiji hakuna. Akatueleza, na haya ndiyo nataka yawafikie. Msitu wa hifadhi una mwenyewe. Kampuni hata ikiwa na leseni halali kutoka Tume ya Madini, haiingii kwenye msitu wa hifadhi mpaka ipate ridhaa ya maandishi ya mamlaka inayousimamia, na kwa misitu ya serikali kuu hao ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ikishapata, inajitambulisha wilayani, inajitambulisha kwenye vijiji vinavyopakana na msitu, na vibarua wengi inawachukua hukohuko kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo mradi wa kweli lazima kuna mtu wa ofisi ya misitu anaujua na mtendaji mmoja anaujua. Wetu hakuna aliyewahi kuusikia. Na suala la kila kibarua kujilipia kibali kwa simu ya mtu, alisema hilo hajapata kuliona. Malipo ya serikali yana kontrol namba. Ukiambiwa ni ada ya serikali halafu unapewa namba ya simu ya mtu, hapo umeshaibiwa, bado kutuma tu.

Akatuambia pia kwamba sisi ni kundi la pili mwezi huo.

Nilivyorudi mjini nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla. Tume ya Madini ina ramani ya leseni mtandaoni, mtu yeyote anaifungua bila kulipa. Nikaitafuta ile namba ya leseni. Ipo. Lakini ni ya kampuni nyingine kabisa, mkoa mwingine kabisa. Jamaa kachukua namba ya kweli ili asiyefuatilia aridhike. Dakika tano zingeniokolea 105,000 na nauli. Jina la kampuni nalo liangalieni BRELA, kwenye usajili wa makampuni, ingawa kusajiliwa peke yake hakuthibitishi kitu. Tapeli anaweza kuazima jina lililosajiliwa kama alivyoazima leseni.

Kuna wenzangu wamesema tungejua kwa vile kazi haikuwa kwenye Ajira Portal. Hapana, hapo msichanganye. Kazi za utumishi wa umma ndizo zinapita Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Kampuni binafsi inayotaka vibarua wa miezi minne haiwajibiki kutangaza huko, na michongo mingi ya fildi tunaipata kwa kuambiana. Ukisubiri portal utakaa nyumbani msimu mzima. Ndiyo maana mtego huu unatunasa sisi hasa, watu wa vibarua, tuliozoea kuitwa kwa simu.

Kuhusu buti na kofia: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kinga yeye. Misimu yangu yote miwili nilipewa, moja buti ilikuwa kubwa namba mbili nikajaza soksi, lakini nilipewa. Vipimo nilipelekwa na kampuni, sikutoa senti. Na mkataba, hata wa kazi ya msimu, uwe na jina la mwajiri, anwani, kituo cha kazi, malipo na muda, kwa maandishi. Ule wetu, uliokuja ndani ya ile barua, ulikuwa na kurasa sita za "maadili ya kambini" na hauna anwani ya posta.

Mliokwisha tuma hela, msifanye kama mimi. Nilikaa siku tatu nikijifariji labda gari litatoka Kawetere. Nilipopiga simu kwa mtandao hela zilikuwa zimeshatolewa zamani. Pigeni huduma kwa wateja saa ileile, hela ikiwa bado ipo inaweza kuzuiwa. Namba ya tapeli iripotini TCRA kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, mtaelekezwa kuiandika. Nendeni polisi mkachukue RB. Makosa haya yanaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na jalada likiwa na walalamikaji kumi na mmoja lina uzito kuliko la mmoja. Mimi na yule dada wa Tabora tumefungua, tisa wengine bado wanaona aibu. Jamani, aibu ni ya mwizi.

Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Huyu mtu ana namba zetu za NIDA, picha, vyeti na sahihi, na hilo linanikosesha usingizi kuliko 105,000. Kwangu mpaka leo ziko laini mbili ninazozijua. Naangalia kila Jumapili.

Namba za simu na jina la "kampuni" siweki hapa, kwa sababu mbili. Moja, jina ni la kampuni ya watu ambao huenda hawajui lolote. Pili, namba keshabadilisha. Ukiangalia namba tu, atakupita. Anachoshindwa kubadilisha ni ile barua.

Maana juzi mdogo wangu kaletewa na rafiki yake tangazo jipya. Wasaidizi wa jiolojia wa msimu, msitu wa hifadhi, safari hii Tunduru, vito. Malipo 95,000. Barua ileile, kurasa sita za maadili ya kambini, kila palipoandikwa Chunya pameandikwa Tunduru, isipokuwa ukurasa wa nne ambapo wamesahau. Na kambi iko 512000 mashariki, 9060000 kaskazini, zoni 37. Bado Kilwa.

Wanatakiwa kuripoti Jumatatu ijayo, stendi ya Tunduru, saa kumi na mbili asubuhi. Kama una mtu wako kaitwa huko, mpigie leo.