Dawa ya ganzi ya mdomoni: uzoefu wangu na lidokaini

Kwa vidonda vya mdomo, sijapata dawa inayotuliza upesi kama lidokaini ile nzito ya asilimia 2. Vyangu hutokea chini ya ulimi, na vikija hata kumeza mate ni shida. Daktari wa meno aliniandikia, nikainunua duka la dawa pale Mwembe Tayari, Mombasa. Unasukutua, na baada ya dakika chache mdomo umekufa ganzi. Haiponyi kidonda, hilo lieleweke. Inazima maumivu kwa muda tu.

Mfamasia namshukuru sana, alinieleza bila haraka. Mtu mzima asizidishe mililita 15 kwa mara moja, saa tatu zipite kabla ya kurudia, na kwa siku nzima isizidi mara 8. Kidonda kikiwa mdomoni, sukutua uteme. Kumeza ni kwa aliyeelekezwa na daktari kwa ajili ya koo. Dawa hii ikizidi mwilini hugusa ubongo na moyo: kizunguzungu, masikio kuvuma, kutetemeka, hata degedege. Mwenye maradhi ya ini au moyo aseme mapema.

Hatari nyingine iko kwenye kula, na wengi hatuifikirii. Koo likifa ganzi, tonge linaweza kukupalia. Ulimi utaung'ata usihisi, na kahawa tungu ya moto itakuunguza ujue baadaye. Ukishaitumia, ngoja saa nzima ndipo ule. Kwa hiyo usiinunue ukidhani itakusaidia kula mahamri yako asubuhi. Mimi huitumia katikati ya siku, maumivu yanaponizidi, nikiwa nimeshakula.

Wifi yangu aliniomba kidogo ampake mwanawe anayeota meno. Nilimkatalia, na nitamkatalia yeyote. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa hii iwekewe onyo kali kabisa kwamba isitumike kwa meno ya watoto, kwa sababu kuna waliopata degedege na hata kufa. Mtoto tulimsugua ufizi kwa kidole safi, tukampa kitambaa kilichopozwa kwenye friji atafune, akatulia. Na jeli za benzokaini, dawa nyingine ya ganzi, zisikudanganye kuwa ni afadhali: mwaka 2018 FDA hiyo hiyo ilionya wasipakwe watoto walio chini ya miaka 2, kwani zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Ukiona midomo ya mtoto imegeuka rangi ya kijivu au buluu baada ya kupakwa, mkimbize hospitali.