Boksi la biti za rangi ya dhahabu, baada ya wiki tatu za kazi

Nilinunua boksi hili Gerezani, Dar es Salaam, kwa sh 18,000. Lina biti 13 za drili, za kutobolea chuma, kuanzia milimita 1.5 hadi 6.5, zote zinang'aa kama dhahabu. Kazi yangu ni mageti na madirisha.

Siku ya tatu, biti ya milimita 4 ilikatikia ndani ya chuma bapa cha milimita 6. Nilitumia karibu nusu saa kukitoa kipande kwa punchi na nyundo, mteja amesimama pembeni. Kilipotoka nikakiangalia juani. Ncha ya biti ina midomo miwili ya kukatia, na inatakiwa ilingane. Huu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Hapo nikakumbuka kwamba tangu naanza kutoboa, uzi wa chuma ulikuwa unatoka upande mmoja tu. Biti ya hivyo inayumba, tundu linapanuka kupita kipimo, na mdomo mmoja ndio unabeba kazi yote.

Hilo ni kosa la kiwandani, nikairudisha. Kijana wa kaunta hakubisha: "Fundi, chagua nyingine." Tukafungua maboksi matatu, tukabingirisha biti moja moja juu ya kioo cha kaunta. Iliyopinda unaiona hapo hapo, ncha inachezacheza. Kwa hilo duka nalisifu kwa moyo wote.

Ya pili kukatika, ile ya 3, siwezi kulilaumu boksi. Nilikuwa juu ya ngazi, engo (chuma cha pembe) nimeishika kwa mkono wa kushoto. Biti ilipokaribia kutokeza upande wa pili iling'ata ule ukingo mwembamba uliobaki, engo ikazunguka nayo, tak! Biti nyingi zinafia hapo, kwenye nusu milimita ya mwisho, wakati fundi bado anasukuma kwa nguvu ileile ya mwanzo. Sasa kila kazi naibana kwenye jiliwa, na nikisikia mlio umebadilika nalegeza mkono.

Kwenye stenlesi, chuma kisichoshika kutu, biti hizi msizipeleke. Nilijaribu ya 5, ikasugua bila kukata, na stenlesi ikisuguliwa inazidi kuwa ngumu palepale. Ncha ikageuka buluu. Ile dhahabu ni ngozi ya juu tu, ukiinoa biti inaondoka nchani. Kwa stenlesi nanunua zenye kobalti ndani ya chuma chake, moja moja, na nazitumia kwenye drili ya kusimama, maana kobalti haivumilii kupindishwa hata kidogo.

Ila kwenye skwea paipu za mageti, zile zenye unene wa milimita 1.5, biti hizi zinafanya kazi safi. Ya 4.5 imeshatoboa matundu zaidi ya mia moja kwa tone la oili kila tundu, mashine ikienda polepole, na bado inatoa uzi mrefu pande zote mbili. Nitalinunua tena, duka lilelile, na nitazibingirisha zote 13 kabla sijatoa hela.