Darasa la ujasiriamali la Jumamosi, Sinza: sabuni iko vizuri, hesabu bado

Kinacholitofautisha darasa hili ni swali la kwanza: unataka biashara ya nini? Anayetafuta ada ya Januari anaelekezwa bidhaa inayozunguka haraka. Anayetaka kuachana na mshahara anaambiwa ukweli: aanze na akiba ya kula, ndipo aandike barua ya kuacha kazi. Hapo wamepatia.

Vitendo ni sabuni ya maji, lita 20. Sulfoniki (tindikali ya kutengenezea sabuni) kilo 1 inakorogwa na ungaroli (kemikali ya povu) kilo 1, maji yanaongezwa kidogo kidogo, kisha magadi soda yaliyoyeyushwa pembeni. Mkorogo uende taratibu, la sivyo ndoo inajaa povu na hujui umepata lita ngapi. Magadi yakipungua, sabuni inabaki na tindikali na kuchubua mikono. Pima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha kiwango cha tindikali; ikaribie 7. Chumvi ndiyo inayowaponza wengi: huleta uzito, lakini ikizidi sabuni inarudi kuwa maji. Weka kwa awamu, ukiangalia. Glovu ni lazima, na hapa wanazitoa.

Udhaifu uko kwenye bei. Wanajumlisha malighafi tu. Chupa, lebo, nauli ya Kariakoo na jasho lako havimo, kwa hiyo faida ya ubaoni ni tamu mno. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) imegusiwa juu juu, wakati maduka makubwa huiuliza mapema.

Nenda, ila beba kikokotoo chako.