eBird: programu niliyohesabia ndege Mida

Kwa miaka mingi nilikuwa naandika ndege daftarini, na nilikuwa naandika wale wa kujivunia tu. Kunguru sikumwandika. Shorewanda anayelia mlangoni kwangu kila alfajiri, sikumwandika. eBird ndiyo iliyonitoa kwenye tabia hiyo, na kwa hilo moja naisifu kwa moyo wote.

Ni programu ya bure, kazi ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iliyoanza 2002. Kila Mei, Jumamosi ya pili, huwa na Global Big Day: watu wa dunia nzima wanahesabu ndege siku moja na kutuma walichoona. Kaskazini ni machipuko, ndege wanawasili. Kwetu Watamu, pwani ya Kenya, ni masika, tunahesabu waliobaki.

Mei 10, 2025 nilikuwa Mida, hori la bahari karibu na Watamu, juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Ilikuwa saa tano na nusu, maji yanaanza kujaa, bamvua, yale maji makubwa, iko karibu. Saa kama hiyo ndiyo ya kuhesabu, kwa sababu ndege waliotawanyika mbali kwenye tope husogezwa na maji mpaka mbele yako. Unabonyeza kuanza, simu inashika muda na njia yenyewe, wewe unabaki na macho yako. Sululu wanne. Yangeyange kumi na mmoja. Chamchanga mmoja aliyechelewa safari, kifua kimeshakuwa rangi ya matofali, na Siberia bado mbali. Wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, crab plover kwa Kiingereza, ishirini na watatu. Wenzao wakati huu wako pande za Oman na Ghuba, wanachimba mashimo mchangani watage. Kunguru tisa.

Kabla hujatuma, programu inakuuliza: umeandika ndege wote uliowatambua? Swali hilo ndilo lenye thamani. Ukijibu ndiyo kwa haki, hata ndege asiyekuwamo kwenye orodha yako anasema kitu, maana mtafiti anajua ulikuwepo, ulitazama, na hukumwona. Daftari langu la zamani halikuweza kusema hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika ndege 500 kwa kukisia. Mhakiki, naye ni mtu wa kujitolea, akaniandikia kwa adabu: ulihesabuje? Niliona haya, lakini alinisaidia sana. Siku hizi nahesabu kumi mmoja mmoja, nashika ukubwa wa kundi lile kwa jicho, kisha nakwenda kwa makumi.

Pakua orodha ya ndege wa eneo lako ukiwa bado nyumbani kwenye mtandao mzuri, na betri ijae. Programu ndugu ya eBird, Merlin, hutambua ndege kwa sauti. Ni msaada mzuri wa kujua utazame wapi, ila usitume ndege aliyesikiwa na simu peke yake.

Nilipokuwa namaliza, mvua ikianza kunyesha, mjomba wangu alikuwa anafunga mtumbwi chini ya daraja. Nikamwambia, “Mjomba, sululu wamebaki wanne tu.”

Akasema, “Wacha waende kwao. Kusi ikilegea utawaona.”

Niliyaandika maneno yake kwenye nafasi ya maelezo, nikatuma.