Uzoefu wangu: wakili aliyeacha siku 45 za rufaa zipite, na jinsi nilivyomlalamikia nikiwa Tanga

Huduma ninayoieleza ni kukatiwa rufaa ya shauri la ardhi; niliinunua kwa shilingi 1,500,000, nikazilipa kwa awamu tatu. Wakili simtaji jina, kwa kuwa malalamiko yangu bado hayajaamuliwa na naye ana haki ya kusikilizwa, ingawa moyoni mimi nimeshamaliza.

Shamba ni la marehemu baba, heka mbili na minazi yake, upande wa Pongwe. Nilishindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikataka kwenda Mahakama Kuu. Wakili alinipokea vizuri katika ofisi yake ya Ngamiani, akaichambua hukumu mbele yangu kwa ufasaha uliofanya nitoke pale nikiwa mwepesi, na kwa wiki mbili za kwanza sina la kulalamika. Baadaye simu zikawa zinaita bila kupokelewa, na kila nilipofika ofisini nilimkuta karani wake, kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mwalimu. Jalada lipo, liko kwenye hatua." Hatua gani, hakuwahi kusema. Nilikwenda mara saba. Nina hakika kwa sababu kila safari niliandika tarehe nyuma ya bahasha niliyowekea risiti.

Siku moja niliamua kwenda mwenyewe masjala ya Mahakama Kuu kuulizia namba ya rufaa yangu. Haikuwapo. Rufaa kutoka Baraza la Wilaya hukatwa ndani ya siku 45, na hata ukitoa siku za kusubiri nakala ya hukumu, ambazo sheria haizihesabu, mimi nilikuwa nimepitwa na zaidi ya miezi miwili. Wakili alinituliza kwamba tutaomba kuongezewa muda. Ombi hilo lipo kisheria, lakini nilipoanza kusoma maamuzi ya mahakama kwenye tovuti ya TanzLII usingizi ulinipaa: tangu shauri la Calico la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekuwa ikisema kwamba uzembe wa wakili, peke yake, si sababu ya kutosha, na mwombaji hutakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. Kwa maneno mengine, amelala yeye, nimeambiwa nimelala mimi. Hili ndilo ambalo ningependa ningelijua kabla sijalipa awamu ya kwanza.

Majirani walinishauri niende polisi. Kwanza niliingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama na kutafuta jina lake, nikalikuta, naye anaruhusiwa kufanya kazi. Lingekosekana ningejua nimeangukia kwa kishoka, wakili wa bandia, na hapo polisi wangekuwa na kazi. Aliye wakili kweli hushtakiwa kwa utovu wa maadili mbele ya Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na inayoongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu. Kamati inaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kuliondoa jina lake kwenye daftari la mawakili.

Malalamiko huambatana na hati ya kiapo. Yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa sita, nyingi zikiwa za uchungu, na msaidizi wa kisheria niliyemwonyesha alizikata kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikikata insha za darasa la saba. Zilibaki mbili: tarehe ya hukumu, tarehe za malipo, safari zangu saba na jibu nililopewa kila safari. Bahasha ile chakavu ikawa kielelezo.

Anayefikiria njia hii aelewe kwamba Kamati humwadhibu wakili, shamba hairudishi. Fidia ya hasara ni madai ya kufungua mahakamani, na nayo yana saa yake: miaka mitatu ukidai kwa msingi wa uzembe, sita ukidai kwa msingi wa mkataba. Tena utatakiwa kuonyesha kwamba rufaa yenyewe, kama ingekatwa, ilikuwa na mashiko.

Wiki chache baada ya wakili kupata nakala ya malalamiko, karani alinipigia, safari hii yeye ndiye anayenitafuta. Nilirudishiwa shilingi 900,000 na jalada langu, nikatia saini kwamba nimepokea fedha na karatasi, lakini nikakataa kutia saini barua waliyoiandaa ya kuondoa malalamiko. Nililifungulia jalada nyumbani, mezani. Ndani mlikuwa na sababu za rufaa tano, zimechapwa vizuri, zimesainiwa, na tarehe iliyoandikwa chini ilikuwa siku ya 38 tangu hukumu. Hakuna mhuri wa kupokelewa, wala risiti ya ada ya Mahakama. Karatasi ilikuwa tayari na siku saba zilikuwa zimebaki. Nilikaa nayo mkononi mpaka chai ikapoa.

Ombi la kuongezewa muda nimemkabidhi wakili mwingine, ambaye hakunificha kwamba nafasi ni finyu. Sharti langu lilikuwa moja tu: anitumie risiti ya ada siku atakayolisajili. Picha ya risiti hiyo iliingia kwenye simu yangu kabla daladala haijafika Pongwe.