Nukuu za "Urusi baada ya 1991" zinazouzwa Darajani: zinunuliwe, ila sura ya nne iandikwe upya

Wanafunzi wa kidato cha sita Unguja na Pemba wanakijua: kijitabu cha nukuu za masomo, jalada la buluu, kurasa 64, hakina jina la mtungaji, shilingi 5,000 kikiwa kimebanwa na 3,500 kikiwa karatasi zisizobanwa. Kinaanzia kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti na kuishia kwenye vita vya Ukraine. Kwa bei hiyo ni mali. Bahati mbaya, sura inayopoteza alama ndiyo hiyo ambayo wengi hukinunulia.

Sura ya kwanza haina makuu. Nukuu nyingi hurukia moja kwa moja tarehe 25 Desemba 1991, siku aliyojiuzulu Gorbachev, mwanafunzi akabaki haelewi dola kubwa vile liliondokaje. Humu hatua zimepangwa: Juni 12 Yeltsin anachaguliwa rais wa Urusi huku Gorbachev bado ni rais wa Muungano, Agosti 19 hadi 21 jaribio la mapinduzi linashindwa, Desemba 8 viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarus wanatia saini makubaliano ya Belovezha ya kuuvunja Muungano, Desemba 21 jamhuri 11 zinakutana Alma-Ata, Kazakhstan, kuthibitisha hilo. Kilichosahauliwa ni Desemba 24, Urusi ilipochukua kiti cha Muungano wa Kisovieti katika Umoja wa Mataifa pamoja na kura yake ya turufu. Iandikwe pembeni kwa kalamu. Bila hiyo hakuna namna ya kueleza kwa nini nchi iliyofilisika miaka ya 1990 iliendelea kuzuia maazimio ya Baraza la Usalama.

Sura ya katiba ndiyo bora kuliko zote. Inaeleza mvutano wa 1993 kati ya Yeltsin na bunge bila kupaka rangi: amri yake namba 1400 ya Septemba 21 iliyovunja bunge, vifaru kulipiga jengo la bunge Oktoba 4, kisha kura ya maoni ya Desemba 12 iliyoleta katiba yenye rais mwenye nguvu nyingi. Baada ya hapo kuna jedwali la mihula, na hilo peke yake linarudisha pesa ya mnunuzi. Katiba iliruhusu miaka minne minne, si zaidi ya mihula miwili mfululizo. Putin akashinda 2000 na 2004, akampisha Medvedev 2008 na yeye akakaa uwaziri mkuu. Mwisho wa mwaka huohuo muhula ukarefushwa kuwa miaka sita, kuanzia uchaguzi wa 2012. Akarudi 2012, akashinda tena 2018. Marekebisho yaliyopigiwa kura hadi Julai 1, 2020 yakafuta hesabu ya mihula yake ya nyuma, naye akagombea na kushinda 2024.

Kasoro moja: nukuu zinasema Putin "alichaguliwa 1999". Hapana. Agosti 1999 aliteuliwa waziri mkuu, Desemba 31 Yeltsin alijiuzulu naye akawa kaimu rais, Machi 26, 2000 ndipo akachaguliwa. Ni hatua tatu, na jawabu linalozitenganisha huonekana mara moja kuwa la mtu aliyesoma.

Uchumi umepewa kurasa tatu: kuachiwa kwa bei Januari 2, 1992 na serikali kushindwa kulipa madeni Agosti 17, 1998. Zinatosha.

Tuje sura ya nne, mahusiano ya nje. Mtungaji amechora safu mbili: Yeltsin, rafiki wa Magharibi, Putin, adui wa Magharibi. Kukariri ni rahisi, ndiyo maana inapendwa. Lakini ukiulizwa "eleza sababu" badala ya "taja", safu hizo zinaporomoka. Mgeuko ulianza Yeltsin akiwa bado madarakani: Januari 1996 alimwondoa Kozyrev, waziri wa mambo ya nje aliyeegemea Magharibi, akamweka Primakov. Machi 1999 Poland, Hungary na Czech ziliingia NATO, muungano wa kijeshi wa Magharibi. Mwezi huohuo, tarehe 24, Primakov, wakati huo waziri mkuu, aligeuza ndege yake angani juu ya Atlantiki akielekea Washington, baada ya kuarifiwa kuwa Yugoslavia inakaribia kupigwa mabomu na NATO. Putin alikuwa hajawa hata waziri mkuu.

Upande wa pili nao haukai sawa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, Putin hakupinga Marekani kuweka kambi Asia ya Kati, alitangaza kufunga kituo cha ujasusi cha Lourdes nchini Cuba, na mwaka 2002 likaundwa Baraza la NATO na Urusi. Uhusiano uliharibika kwa vipande: uvamizi wa Iraq 2003, nchi saba kuingia NATO 2004, tatu kati yake za Baltiki, maandamano ya Kiev mwishoni mwa 2004, hotuba ya Putin ya kuishambulia Marekani kule Munich Februari 2007, ahadi ya NATO ya kuzipokea Ukraine na Georgia kule Bucharest Aprili 2008, vita vya Georgia Agosti. Na bado Aprili 2010 Obama na Medvedev walitia saini mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia mjini Prague. Safu mbili haziwezi kubeba haya.

Dawa yake ni karatasi moja iliyolazwa. Chora mstari wa miaka, uugawe kwa mawaziri wa mambo ya nje badala ya marais: Kozyrev hadi 1996, Primakov hadi 1998, Igor Ivanov hadi 2004, kisha Lavrov. Chini ya kila jina andika ushirikiano mmoja na ugomvi mmoja. Kwa Primakov, kwa mfano: makubaliano ya Mei 1997 kati ya NATO na Urusi, na upinzani wake dhidi ya kupanuka kwa NATO. Ukimaliza, rarua zile safu mbili usizione tena.

Katika sura hiyohiyo kuna kosa kuhusu hati ya Budapest. Nukuu zinasema mwaka 1994 "NATO iliahidi kuilinda Ukraine". Hati ya Desemba 5 ilitiwa saini na Ukraine, Urusi, Marekani na Uingereza, NATO haimo. Walioahidi waliahidi kuheshimu mipaka yake, nayo Ukraine ikaachia silaha za nyuklia.

Kurasa za Afrika ni mbili tu, na zimeandikwa kwa haraka. Mikutano ya Urusi na Afrika, Sochi 2019 na St. Petersburg 2023, imo, lakini sentensi ya "Afrika iliiunga mkono Urusi" ifutwe. Katika kura ya Umoja wa Mataifa ya Machi 2, 2022, nchi 141 zililaani uvamizi wa Ukraine, 5 zilipinga azimio, 35 zilijizuia. Afrika nzima ni Eritrea pekee iliyopinga. Kenya ililiunga mkono azimio, Tanzania na Uganda zikajizuia. Pia kuna kisanduku kinachodai majumba ya Michenzani, Unguja, yalijengwa na Warusi. Mtoto yeyote wa Kikwajuni atakwambia ni Wajerumani wa Mashariki.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa ramani, wa 37. Kopi nyingi ni kopi ya kopi, na kipande cha Kaliningrad kimegeuka doa jeusi. Bila kukiona huwezi kueleza kwa nini Lithuania kuingia NATO kuliiuma Urusi: eneo lake hilo limebanwa kati ya Poland na Lithuania, na kwa nchi kavu halifikiki kutoka Moscow bila kupita kwa wengine. Faili linalozunguka WhatsApp lina ramani safi, ila linakatika ukurasa wa 58, katikati ya maswali. Kwa hiyo nunua ya karatasi, kisha kwenye faili chapisha ramani peke yake kwa rangi na uibandike juu ya ile nyeusi. Walioko Chake na Wete, Pemba, waagize iliyobanwa. Ile isiyobanwa hufika ina kurasa pungufu.