Makumbusho ya misitu Usambara: msiende na mtu anayeijua miti

Nilikusudia kutoa nyota nne. Lakini hasira bado ninazo, mtanivumilia.

Ni yale makumbusho madogo kwenye mji mmoja wa milimani huku Usambara. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Nilimpeleka mama mzazi, mwezi uliopita au kabla yake. Kiingilio si kibaya, hapo siwasemi. Chumba cha kwanza nilikipenda: kuna habari za taasisi ya utafiti ambayo Wajerumani waliianzisha huko Amani, milimani humu humu Usambara, mwaka 1902, na za Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi hizo, aliyepeleka kwao kile kiua cha zambarau ambacho leo Wazungu wanakipanda kwenye vyungu madirishani. Ila maelezo yote ni Kiingereza na Kijerumani, Kiswahili hakuna. Nikawa mkalimani wa mama. Haya, tukasamehe.

Balaa likawa chumba cha mbao. Wamepanga vipande vya magogo, kila kimoja na kibandiko chake. Mama akasimama kwenye kilichoandikwa mkulo, akainama, akanusa. "Hiki si mkulo." Babu alikuwa mpasua mbao, na mkulo una harufu ya kafuri, asiyeujua ni nani? Akasogea kwenye kilichoandikwa mvule, akakigusa kwa ukucha, akanusa tena. Kafuri hiyo! Vibandiko vimepishana.

Kijana wa zamu, ambaye hata shikamoo hakutoa tulipoingia, akaruka kitini na simu yake mkononi: "Wewe mama! Usikwaruze mali ya umma!"

Wewe mama. Mtu wa umri wa bibi yake.

Mama akamjibu taratibu, "Mwanangu, hebu nusa." Hataki. Eti vibandiko vimeandikwa na wataalamu. Nikamwambia asogeze pua tu, haimgharimu senti. Akatuonyesha mlango. Yaani analinda mbao kutwa nzima na hataki kuzinusa!

Nje kwenye kitalu tukamkuta mzee wa miche. Huyo ndiye makumbusho yenyewe. Alitueleza jinsi mkulo unavyopenda kuchipua kutoka mizizini kuliko kwa mbegu, na jinsi musizi, mti wa kuletwa, ulivyoingia msituni palipokatwa miti, ndege hondohondo wakila matunda yake na kuangusha mbegu kila mahali. Wakahamia Kisambaa na mama, wakacheka, mimi nikabaki mtazamaji. Kwa ajili yake ningesema nendeni, mpite moja kwa moja kitaluni.

Hapana, kila nikiikumbuka ile "wewe mama" damu inachemka. Nyota moja, na ni ya mzee. Mkirekebisha vibandiko niandikieni hapa, nitaongeza ya pili. Yule kijana akimwomba mama radhi, ya tatu.